Ukuta mkavu

Wiki hii binti wa mjomba kaolewa, kikao cha bajeti kimeahirishwa tena na masika yamekatika. Yote yamepita. Lililoning'ang'ania ni neno la Bi Mkubwa pale barazani kwake Mji Mkongwe, Zanzibar, nilipomwomba asiipige saruji nyumba yake ya kale, fundi wake kashashusha mifuko ya saruji mlangoni: "Mwanangu, mie nataka ukuta mkavu. Historia kaeni nayo nyie."

Historia kaeni nayo nyie. Yaani hifadhi ni mambo ya ofisi na wageni, na yeye anabaki na nyumba inayovuja. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, lakini orodha haikaushi ukuta. Na Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la 1883, ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, haikuiangukia historia. Iliua watu.

Nikarudi tena kwenye neno lake, na safari hii nikasikia nusu ya kwanza. Ukuta mkavu! Hiyo ndiyo kazi ya lipu ya chokaa. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene zaidi ya nusu mita, na chini hauna cha kuzuia maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini na kutokea kwenye lipu. Ukiziba kwa saruji, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ivimbe, ukiigonga inalia kama ngoma. Ndani udongo unamomonyoka, na ncha za boriti zinaoza mle mle ukutani zisikoonekana.

Hayo nilimweleza jana, naye akasema: "Haya, nionyeshe upande mmoja." Wallahi nimefurahi.

Kwanza paa na mifereji yake, maana hakuna lipu inayoshinda maji yanayomwagika kutoka juu. Kisha lipu ya saruji iliyopo ibanduliwe kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu, mawe yasing'oke nayo. Ukuta uachwe wiki kadhaa upumue. Chumvi ikitoka ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha, inayeyuka na kurudi ndani. Mchanga usiwe wa pwani, na uoshwe mpaka maji yawe meupe. Chokaa iwe iliyozimwa kwa maji na kulowekwa muda mrefu, sehemu 1 kwa mchanga 3. Ukuta unyunyizwe maji kabla ya kupiga lipu, na kila mkono, yaani kila tabaka, usizidi sentimita 1. Mkono wa pili usubiri mpaka ukucha uache alama lakini kidole kisizame. Magunia mabichi yatundikwe mbele yake siku kadhaa, maana upepo wa kusi ukiikausha upesi inapasuka na kuwa unga. Mwisho ni chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta wala ya plastiki, ambayo inaziba vile vile.

Ninachokiogopa ni ile "saruji kidogo tu ishike haraka" ambayo mafundi huitia mtu akigeuka. Kidogo hicho kinaharibu mchanganyiko mzima. Jumatatu nitakuwepo wakati wa kuchanganya.

Mdogo wangu hajapiga simu tangu apande boti ya Pemba asubuhi, na bahari leo imechafuka.