Mama alimwona kabla yangu

Mama hachezi michezo ya simu. Lakini Jumapili iliyopita alivuta kiti karibu yangu, akauliza, "Mbona hiyo sauti ni ya mtu kabisa?"

Nilikuwa nacheza Hidden Folks, mchezo wa kutafuta watu na vitu vilivyofichwa ndani ya picha, uliotoka 2017. Michoro yake ni ya mkono, nyeusi kwa nyeupe, imejaa watu wadogo kama sisimizi: wapo vichakani, mahemani, nyuma ya milango. Na sauti zake zimetengenezwa kwa mdomo! Kila unachogusa, ni mtu anayeguna au kupuliza. Sijaona mchezo mwingine wenye roho kama huu.

Kingine ninachokipenda, hakuna saa inayokukimbiza. Mingine ya aina hii inakuhesabia sekunde, nguvu zikiisha unaambiwa usubiri au ulipie. Hapa unagusa picha ya unayemtafuta, unapewa kidokezo kifupi, unaendelea taratibu.

Kuna mmoja alitutesa nusu saa nzima. Mama ndiye aliyemwona, kando ya mti nilioupita mara kumi.

"Si huyu hapa, mwanangu?"

Na miwani yake alikuwa ameipandisha kichwani.