Tipu niliyoiloweka kwenye maziwa

Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, nikiwa kwenye mchezo wa puli, tipu yangu iliruka, yaani ile ngozi ya kwenye ncha ya fimbo inayogusa mpira. Nilikuwa nimebakiza mpira mmoja na mweusi, na ule mmoja ulikuwa umekaa mdomoni kabisa mwa tundu la kona. Nikapiga. Badala ya kusikia "ta!" nikasikia "pwa", mpira mweupe ukaenda upande wake, na kile kipande cha ngozi kikadondoka juu ya kitambaa kama kifungo cha shati. Mwenzangu akaingia mezani, akamaliza mipira yake yote minne na mweusi juu.

Niliokota ile ngozi nikaigeuza. Mgongo wake ulikuwa unang'aa. Gundi ilikuwa imeshika pete ya shaba kwenye fimbo lakini haikushika ngozi, na nikajua papo hapo kosa liko wapi: niliibandika jioni ileile, mbiombio, vidole vikiwa bado na mafuta ya mnyororo. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na mafuta ya mnyororo hayatoki kwa maji matupu.

Tangu siku hiyo vijana wawili wameniuliza wanunue tipu gani. Nimeona niandike kwa kirefu, maana kwenye kijiwe ukianza kueleza, zamu yako inafika na maneno yanakatika katikati.

Nianze na hili. Fimbo ina urefu wa karibu mita moja na nusu, lakini mpira mweupe hauijui fimbo. Unaijua ile ngozi ya mbele tu, yenye upana wa milimita 10 hivi, tena kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu yote ya mkono, shabaha ya jicho na mzunguko unaotaka kuupa mpira vinapita kwenye hako kamlango. Nimeona watu wakinunua fimbo ya bei mbaya, ya kuunganisha katikati, yenye mkoba wake, halafu tipu waliyoikuta nayo wanaichezea mwaka mzima hadi inakuwa bapa kama soli. Mimi ningemshauri mtu achukue fimbo ya kawaida iliyonyooka, kisha fikra zake zote aziweke kwenye ngozi.

Zamani hata hiyo ngozi haikuwepo. Watu walipiga kwa mti mtupu, na ukigusa mpira pembeni kidogo tu, fimbo inateleza. Aliyeipa fimbo ngozi na kuonyesha maajabu yake ni Mfaransa, François Mingaud, mwanajeshi aliyefungwa gerezani Paris kwa mambo ya siasa, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Alikuwa na meza humo gerezani, na muda alikuwa nao. Alipotoka, watu walishangaa kuona mpira mweupe ukigonga mwenzake halafu ukarudi nyuma. Kila ninapourudisha mweupe hadi katikati ya meza, kazi ile inafanywa na ngozi yake.

Sasa upana. Usiende dukani kabla hujaipima pete ya fimbo yako. Mimi natumia venia ya hapa kazini, kile kipimo cha kubana chenye milimita, wewe unaweza kutumia rula ya mtoto wa shule. Fimbo za snuka huwa na tipu ya milimita 9 hadi 10, fimbo za puli ya Kiingereza ni nyembamba zaidi, nyingi 8 hadi 9, na zile za puli ya Kimarekani, yenye mipira mikubwa, hufika 12 hadi 13. Fimbo zetu za vijiweni zimechanganyika. Yangu ni 9.5, kwa hiyo nanunua 10 halafu napunguza pembeni. Ngozi iwe kubwa kuliko pete, utaichonga. Ikiwa ndogo kuliko pete, ukingo wa shaba unabaki wazi, na siku utakapopiga chini ya mpira, shaba itagusa. Hiyo irudishe dukani.

Ugumu ndio unaowachanganya watu. Ukienda dukani utaambiwa ngumu ndiyo imara, na mwingine atakuambia laini ndiyo inayozungusha mpira. Nimecheza zote. Mzunguko hautokani na ulaini. Unatokana na mahali ulipougusa mweupe: kadiri unavyotoka katikati, ndivyo unavyozunguka zaidi, mpaka unapofika kama nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukivuka hapo, fimbo itateleza, uwe na tipu ya aina yoyote. Kinachoweza kukusogeza karibu na huo mpaka bila kuteleza ni ngozi inayoshika chaki. Ngozi laini inashika chaki vizuri, hilo ni kweli. Lakini laini sana inabonyea, inatanuka pembeni kama uyoga, na kila wiki uko na wembe mkononi. Ngumu sana inakaa umbo lake miezi, ina mlio mzuri, ila inakuwa na uso wa kioo, chaki inadondoka, na usiposugua uso wake mara kwa mara itakuangusha siku ya kucheza chini.

Meza yetu ni ya sarafu, iko chini ya banda la bati pembeni ya genge. Kitambaa chake kimelika na upepo wa bahari unakitia unyevu, kwa hiyo mipira inakwenda polepole na ukitaka mweupe usafiri lazima upige kwa nguvu. Kwenye meza ya namna hiyo tipu laini inakula nguvu yako. Mimi nimetulia kwenye ugumu wa kati unaokaribia ngumu. Anayecheza kwenye ukumbi wenye kitambaa kipya na meza iliyopimwa vizuri anaweza kuchukua laini zaidi, na atafurahi. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza kijana ni "unacheza wapi?" Habari ya pesa inafuata baadaye.

Kuna kipindi tipu ziliadimika, nikamwendea mzee mmoja fundi viatu, jirani yangu. Nikamwambia, "Shikamoo babu, nikatie kiduara cha ngozi ya soli, milimita 10." Akakikata kwa ustadi, akanipa, halafu akaniambia, "Mwanangu, hii ngozi imezoea kukanyagwa, haijazoea kugonga." Nikaibandika. Ndani ya michezo mitatu ilikuwa imefumuka, nyuzi zimesimama kama brashi. Alikuwa ameniambia ukweli. Ngozi ya tipu hukandamizwa kwa nguvu nyingi kiwandani hadi nyuzi zake zishikane, na ya soli, hata ikiwa nene, ndani ina nafasi.

Halafu zipo zile za matabaka. Hizi zinatengenezwa kwa kubandika ngozi nyembamba moja juu ya nyingine, tano, sita, nane, kisha zinakatwa. Wajapani ndio walioziinua kwa majina kama Moori na Kamui, na bei yake moja unaweza kununua sanduku zima la zile za kipande kimoja. Sifa yao ni kwamba zinafanana: ukipata ya ugumu wa kati leo, na ya mwakani itakuwa vilevile. Shemeji yangu aliyeko Muscat aliniletea moja mwaka juzi. Nikaifungua kwa furaha, nikasoma karatasi yake: ngozi ya nguruwe. Sikujua kabla ya hapo kwamba tipu nyingi za matabaka hutengenezwa kwa ngozi hiyo. Mimi ni Mwislamu, na fimbo naishika, chaki naipaka, vidole vinagusa pale mbele kila dakika. Moyo haukuniruhusu. Nikampa rafiki yangu wa Chumbageni asiye na pingamizi nayo, naye anaichezea hadi leo na anaisifu. Nalisema hili kwa sababu vijiwe vyetu vimejaa watu ambao wangependa kujua, na muuzaji hawezi kukuambia usipomuuliza. Nyingi za kipande kimoja ni ngozi ya ng'ombe au nyati-maji. Uliza, soma boksi.

Kwa hiyo nimebaki na kipande kimoja. Ninayoipenda ni Elk Master, ya Kimarekani, ile ya bluu inayouzwa boksi la 50. Ni laini, na kama nilivyosema, laini kwenye meza yetu hainifai. Hapo ndipo maziwa yanapoingia.

Wachezaji wa Marekani wana mbinu ya siku nyingi: unaloweka tipu laini kwenye maziwa, unaibana kwenye jiliwa, inakauka ikiwa ngumu. Nilipoisikia mara ya kwanza sikuiamini. Lakini jiliwa ninalo, limefungwa kwenye benchi langu la kazi, na maziwa mama jirani anauza. Jumapili nikaenda na kikombe. "Ya mtoto?" akauliza. Nikamwambia, "Hapana mama, ya fimbo." Akanitazama, akapima nusu kikombe, akakataa hela.

Kwanza nilichagua. Nilimimina tipu 12 juu ya gazeti nikaanza kuzibonyeza moja moja kwa ukucha wa kidole gumba. Zilizoacha alama ya kina niliziweka kushoto. Kisha zilizobaki nikazidondosha juu ya sakafu ya saruji kutoka usawa wa goti: iliyo na ngozi iliyoshikana inatoa mlio mkavu na kuruka, iliyolegea inatua na kunyamaza. Boksi moja lina zote mbili, na bei ni ileile. Nikapata 4 za kunifaa.

Zikalala kwenye maziwa usiku kucha, ndani ya friji la duka la jirani, maana kwa joto la Tanga maziwa yangeganda kabla ya asubuhi. Jumatatu nikazitoa. Zilikuwa zimevimba, zinateleza, zimekuwa nzito kidogo mkononi. Nikaziweka katikati ya vipande viwili vya bapa la chuma, nikafunga jiliwa. Nilipokaza mara ya kwanza maziwa yalitoka pembeni kwa matone meupe yenye rangi ya bluu kwa mbali. Nikasubiri, nikakaza tena. Yakatoka tena. Kila nilipomaliza kurekebisha breki ya baiskeli moja nilirudi na kukaza robo mzunguko, hadi jioni mkono wa jiliwa ukakataa. Nikaliacha hivyo siku nzima iliyofuata. Yale maziwa yanayobaki ndani ya nyuzi yanapokauka yanazishikanisha, na kule kubanwa kunaondoa nafasi.

Ziliingia na unene wa milimita 5 na ushei. Zikatoka na 3 na nusu, rangi imekolea, na ukidondosha moja kwenye saruji inalia kama kete ya bao. Nikaziacha kwenye upepo siku tatu. Mtu wa Dodoma hatahitaji siku tatu, lakini sisi wa pwani tukiharakisha unyevu unabaki ndani na gundi haishiki.

Kubandika, sikurudia kosa. Mikono niliosha kwa sabuni ya unga mara mbili. Gundi ya zamani juu ya pete niliikwangua kwa wembe hadi shaba ikaonekana, nikasawazisha taratibu kwa msasa uliolala juu ya kioo, fimbo imesimama wima. Mgongo wa tipu nao nikausugua kwenye msasa huohuo kwa mzunguko, hadi ule mng'ao ukaisha wote. Tone moja la supaglu, ile nzito isiyochuruzika. Nikaikalisha, nikaizungusha kidogo ili gundi ienee, nikaigeuza fimbo kichwa chini na kuegemeza uzito wangu juu yake. Niliiacha mpaka kesho yake. Kisha fimbo kichwa chini juu ya ubao laini, wembe ukashuka ukiifuata pete, nyama iliyozidi ikatoka kama ganda la embe. Pembeni nikalowesha kwa mate na kusugua kwa kipande cha ngozi kikavu kwa kasi hadi ikapata joto na kung'aa. Huo ukingo uliong'aa ndio unaozuia tipu kutanuka kama uyoga.

Umbo la juu Wamarekani hulipima kwa sarafu zao: mviringo wa senti 10, yenye upana wa karibu milimita 18, au wa senti 5, yenye 21. Mimi nachukua mviringo mkali, ule wa senti 10, kwa sababu napenda kucheza pembeni ya mpira. Mwenye kupiga katikati zaidi achukue ule bapa.

Na chaki, tafadhali, msiichimbe. Ipake kama unavyopaka rangi ya kucha, uso wote, kila unapopiga. Hii ya bluu tunayotumia wala si chaki ya ubaoni. Ni mchanga wa silika na unga mgumu wa madini, mchanganyiko uliopewa hataza mwaka 1897 kwa Spinks na Hoskins wa Chicago. Ukizungusha fimbo ndani ya shimo la chaki unapaka pete, na katikati ya tipu panabaki pakavu.

Jana usiku nilicheza michezo 9 kwa tipu mpya. Leo asubuhi nimeipima kwa venia: bado ni 9.5, haijatanuka hata kidogo. Tatu zilizobaki ziko kwenye kopo la kiberiti juu ya rafu ya spoki. Wale vijana wawili waliouliza, njooni na fimbo zenu na msasa. Moja moja nitawapa, na tutazibandika pamoja.