Nilivyochagua bima ya pikipiki yetu baada ya ajali ya Ngala

Pikipiki ni yangu, lakini mwendeshaji ni mdogo wangu. Niliinunua kwa pesa za chama zamu yangu ilipofika, na hesabu yangu ilikuwa nyepesi: asubuhi anipeleke shuleni ninakofundisha chekechea, kisha kutwa abebe abiria na mizigo hapa Malindi na kule Mambrui, jioni aniletee mia tatu. Bima nililipia palepale nilipokuwa nachukua pikipiki. Nje ya duka kulikuwa na kijana mwenye meza na mwavuli, akaniuliza, "Dada, wataka ya bei gani?" Nikamwambia ya chini kabisa. Nikalipa, cheti kikaingia kwenye simu, sikukisoma.

Ramadhani ilipofika, jioni moja kama dakika ishirini kabla ya magharibi, saa ile ambayo kila mtu anakimbilia futari, mdogo wangu alikuwa amempakia mama mmoja kutoka sokoni. Karibu na Ngala akamgonga mzee aliyekuwa akivuka barabara. Mzee alivunjika mguu chini ya goti. Yule mama alichubuka mkono, na mdogo wangu akapasuka kidevu.

Nilikwenda kwa kampuni ya bima nikiwa na moyo mtulivu kabisa, maana nililipa na cheti ninacho. Afisa alinisikiliza vizuri, kisha akauliza pikipiki ilikuwa imembeba nani. Nikasema abiria. Alilipa nauli? Nikasema ndiyo, alilipa, sikuona sababu ya kuficha. Akanigeuzia simu yangu mwenyewe na kuweka kidole penye mstari wa matumizi. Paliandikwa kwamba pikipiki ni ya matumizi binafsi. Bima ya namna hiyo hairuhusu kubeba mtu kwa nauli, na mimi nilikuwa nimefanya hivyo kila siku kwa miezi saba.

Jamaa za mzee hawakutupeleka mahakamani. Wazee wa mtaa wao na wa kwetu walikaa barazani, wakakubaliana kwamba tubebe matibabu yote na posho ya nyumba yake kwa miezi mitatu. Niliuza bangili zangu nne za arusi. Mzee sasa anatembea kwa bakora, na Idi huwa tunapelekeana sahani. Lakini naijua bahati niliyopata, kwa sababu baadaye nilielezwa mambo yangekwendaje kama wangekuwa watu wengine.

Aliyenieleza ni mjomba wangu, karani wa siku nyingi kwenye ofisi ya wakili hapa Malindi. Cheti kilipokaribia kwisha nilimwendea na swali moja tu: mjomba, ni kampuni gani nzuri? Hakunitajia hata moja. Alivuta kiti akasema, "Mwanangu, kwanza ujue wewe ndiwe unayeshtakiwa."

Hilo sikulijua. Nilidhani anayeshtakiwa ni anayeshika usukani. Mjomba alinifafanulia kwamba mtu akigongwa hushtaki mwendeshaji pamoja na mwenye chombo, na hukumu hutoka kwa majina yao. Kampuni ya bima inabanwa na Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Mtu wa Tatu, Sura ya 405, iilipe hukumu hiyo, lakini kikomo chake ni shilingi 3,000,000 kwa kila aliyeumia au kufariki. Kinachozidi ni chako. Na kampuni isipolipa hata hicho cha kwake, aliyeshinda kesi humtafuta yule anayemjua na anayekaa karibu, na dalali wa mnada akija huja kwenye mlango wako. Unaweza kuwa umelipa bima kila mwaka na bado ukatolewa makochi nje.

Akanikumbusha kampuni mbili za bima, United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zilivyowekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Zote mbili zilikuwa zimekatia bima matatu nyingi nchini. Kampuni ikifikia hapo, madai yanasimama, na majeruhi na mwenye gari wote wanabaki wakingoja. Upo mfuko wa kuwafidia wenye bima wa kampuni zilizoanguka, na kila mmoja wetu anauchangia kidogo anapolipa, ila una kiwango chake cha juu, na kungoja ni kungoja. Kwa hiyo, akasema mjomba, bei iulize mwisho. Uliza kwanza kama wanalipa watu walioumizwa.

Nitajuaje? Hapo ndipo aliponionyesha kitu ambacho nahisi waendeshaji wengi wa boda hawajakiona. Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, tunayoiita IRA, kila mwaka hutoa orodha ya kampuni zenye leseni, na kila robo mwaka hutoa takwimu za madai: kila kampuni kwa jina lake, madai iliyokuwa nayo, iliyolipa, iliyokataa na yaliyobaki. Madai hayo yamegawanywa. Kuna jedwali la dhima, yaani watu wa nje waliodhurika wanaodai kupitia wewe, na kuna jedwali la yasiyo ya dhima, kama gari lililoibwa au kuungua. Kwetu sisi wa bima ya thadipati, yaani ya mtu wa tatu, inayowalipa wengine tunaowadhuru, jedwali la kutazama kwa jicho kali ni la dhima. Kampuni inaweza kung'ara kwa kulipa vioo vya magari ya maofisini na bado ikawaburuza majeruhi miaka.

Nilikaa na mwalimu mwenzangu wa hesabu Jumamosi nzima, maana maandishi yote ni ya Kiingereza na nambari ni ndogo. Tulichukua robo nne zilizofuatana, kwani robo moja inaweza kudanganya: kampuni ikilipa kesi tatu kubwa mwezi mmoja huonekana shujaa. Kampuni ambazo robo zote nne zilikuwa zinalipa madai machache ya dhima na kurundika mengi tulizikata kwa kalamu nyekundu. Mbili kati ya hizo ndizo zilizokuwa na bei za chini kabisa mjini. Nikamwonyesha mdogo wangu, akanyamaza kwa muda mrefu.

Zilibaki kampuni nne zenye ofisi au wakala barabara ya Lamu na maeneo ya karibu. Sikwenda kuuliza kwa mdomo tena. Nilituma maswali yaleyale kwa wote wanne kwa WhatsApp, ili jibu libaki limeandikwa. Pikipiki inabeba abiria kwa nauli, na mara nyingine magunia ya nazi: kwenye cheti mtaandika matumizi gani? Abiria wa nyuma amekingwa au ni nyongeza? Mali ya mtu ikiharibika, kiasi cha kwanza ninachobeba mwenyewe ni shilingi ngapi? Ajali ikitokea Marafa saa nne usiku, nampigia nani, na nina siku ngapi za kuripoti? Na mwendeshaji lazima awe na leseni ya daraja gani?

Swali la mwisho lilitufaa kuliko nilivyotarajia. Mdogo wangu alikuwa na leseni ya pikipiki ya kawaida, wala hakuwa na daraja A3 la wanaobeba abiria. Kumbe hata kama cheti kingeandikwa sawasawa, tungeanguka kwenye leseni. Tulishughulikia hilo kwanza, bima baadaye.

Wawili walinijibu kila swali. Mmoja alijibu "njoo ofisini tutaongea", nikamwacha. Wa nne alinitumia bei tu.

Bei zao zilikuwa kati ya 3,900 na 6,500 kwa mwaka. Hapa nataka kusema jambo la hesabu, kwa sababu ni pesa zetu. Juu ya bei ya bima yenyewe kuna nyongeza za serikali ambazo hazibadiliki kwa wakala: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya ule mfuko wa fidia, na shilingi 40 za stempu. Mimi bima yangu ilikuwa 4,700 na 500 za abiria, jumla 5,200. Nyongeza zikawa shilingi 23 na senti 40, pamoja na zile 40. Nilitakiwa kulipa 5,263.40. Wakala mmoja aliniandikia 5,900 akasema zilizozidi ni za serikali. Nilimwomba anitenganishie moja moja, hakurudi. Na nililipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwa nambari ya kampuni, sio simu ya mtu.

Mdogo wangu alitaka bima ya mwezi mwezi, kwa vile mapato ya boda ni ya siku. Namuelewa. Lakini kwa kampuni tuliyokuwa tunaielekea mwezi mmoja ulikuwa 750, ambazo kwa mwaka ni 9,000, na zaidi ya hapo niliogopa ile siku ya kusahau. Mvua ya masika inanyesha wiki mbili, hakuna kazi, cheti kinakwisha Jumanne, Jumatano anapata abiria wa Watamu. Siku moja kama hiyo inatosha. Bima kamili, ile inayokulipa hata pikipiki yako ikiibwa, niliiuliza pia, lakini kwa chombo cha mwaka wa pili bei yake ilituzidi.

Mama yangu naye alikuwa na lake. Yeye tangu mwanzo hakupenda neno bima, akisema ni kulipia kitu usichokijua na ndani mna riba. Nilikwenda naye kwa ustadhi wetu. Ustadhi alimweleza kuhusu takaful, ambapo wenye bima huchanga kwa nia ya kusaidiana na fedha zao hazitiwi kwenye biashara ya riba. Akamwambia Kenya ilipata kampuni ya takaful inayojitegemea mwaka 2011, na kwamba hii ya thadipati, kwa kuwa dola inamlazimisha kila mwenye chombo, hana la kumlaumu mtoto wake. Mama alipumua. Mimi niliweka takaful kwenye orodha yangu, ila nilikuwa nimechelewa, cheti cha zamani kilikuwa kimebakisha siku tatu na sikuwa na muda wa kumaliza maswali. Mwaka huu nimeanza mapema kwa ajili yake.

Kuna kitu kimoja kilinitia baridi katika kuuliza kote huko. Bima ya thadipati haimtibu mwendeshaji. Mdogo wangu akianguka peke yake kwenye mchanga wa barabara ya Mayungu, bima hiyo haina habari naye. Amebeba riziki ya nyumba mbili mgongoni na ndiye pekee asiyekingwa. Nikaongeza bima ya ajali kwa mwendeshaji, na siku hiyohiyo nikamsajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwangu mimi hii ndiyo pesa niliyoitoa kwa roho safi kuliko zote.

Cheti kilipoingia nilikisoma nikiwa nimesimama. Jina langu, nambari ya usajili, tarehe, matumizi: kubeba abiria kwa nauli. Siku hizi vyeti ni vya dijitali na unaweza kuvihakiki kwa nambari ya pikipiki kwenye mfumo wa kampuni za bima. Nikahakiki, kikatokea.

Miezi mitano baadaye, mdogo wangu alikwepa mbuzi kule Barani akaiparura tuktuk iliyokuwa imeegeshwa, akavunja taa na kukunja bodi ya ubavuni. Hakuna aliyeumia. Alinipigia mimi, nami nikampigia dada wa kampuni yetu ya bima kabla sijamaliza kuvaa viatu. Aliniambia tupige picha kabla vyombo havijasogezwa, twende polisi tupate nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, tusikubali kosa kwa maandishi wala kuahidi pesa. Fomu ya madai tulijaza siku ya pili, abstrakti ya polisi, yaani ripoti yao ya ajali, ikafuata, kisha akaja mkaguzi wao kutazama tuktuk. Fundi alikadiria 31,000. Mimi nilibeba 5,000 za kwanza, kama nilivyokuwa nimeandikiwa kwenye WhatsApp, na kampuni ikamlipa mwenye tuktuk zilizobaki. Ilichukua wiki sita. Wiki ya nne mwenye tuktuk alikuja kwangu amekunja uso, nikampa simu aongee na kampuni mwenyewe, wakamweleza faili iko wapi, akaondoka ametulia.

Cheti kinakwisha mwezi ujao. Takwimu za robo nne za karibuni nimeshazichapisha, ziko mezani chini ya daftari za watoto, na maswali nimeyatuma kwa kampuni tatu, ya takaful ikiwemo. La kwanza bado ni lilelile: kwenye cheti mtaandika matumizi gani?