Kovu lipo, karatasi inasema hakuna

Mzee ninayemtunza ana kovu kwenye bega la kushoto, upana wa kiganja cha mtoto. Nilikutana nalo siku ya kwanza kumwogesha, mwaka 2021. Ngozi imejikunja kama mfuko wa plastiki uliopitiwa na moto, na ukipitisha kitambaa juu yake unahisi chembechembe kwa ndani, kama mchele uliochambuliwa na mtu mvivu. Nikaacha kusugua, nikamwangalia.

"Korea," akasema. Akanyoosha mkono wa pili nao uogeshwe.

Siku hiyohiyo aliniuliza kama mimi ni Mhabeshi. Nikamwambia hapana, Mtanzania, mtu wa Muheza. Nikaona amesikitika kidogo. Waafrika wa kwanza kuwaona maishani mwake walikuwa askari wa Ethiopia waliopelekwa kwenye vita vya Korea na Haile Selassie, batalioni za Kagnew, na waliunganishwa na rejimenti yake mwenyewe, ya 32, Divisheni ya 7 ya jeshi la Marekani. Yeye ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Mississippi, kijana wa miaka 20 wakati huo. Mpaka leo anasimulia kwamba hakuna Mhabeshi hata mmoja aliyetekwa vita nzima, na anasimulia kama vile ni wajomba zake.

Basi hii ndiyo kazi yangu hapa St. Louis, Marekani, ile tunayoiita kubeba boksi, ila boksi langu linaongea na linabishana kuhusu besiboli. Kabla ya kuja huku nilikaa miaka tisa masjala, kwenye ofisi moja ya serikali mkoani Tanga. Nalitaja hili kwa sababu bila masjala habari hii isingekuwepo. Mtu aliyewahi kufanya kazi masjala akiambiwa "faili halionekani" hashtuki. Anauliza: nani alilichukua mwisho, na karatasi zake nyingine zimepita meza zipi?

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kaburi. Mzee hana woga wa kufa, anapanga kama mtu anayepanga safari ya mabasi. Anataka azikwe Jefferson Barracks, makaburi ya wanajeshi yaliyopo hapahapa mjini, penye mawe meupe yaliyonyooka mistari. Jiwe serikali inatoa bure, na kama askari alipata nishani ya Purple Heart inaweza kuchongwa juu yake, mradi kuna hati ya kuthibitisha. Hiyo ni nishani ya aliyejeruhiwa au kuuawa na adui, ina kichwa cha George Washington, na kwa umbo hili la sasa ilianza kutolewa mwaka 1932. Mzee naye kazaliwa 1932. "Tuko rika moja," akaniambia, "halafu hatujawahi kuonana."

Nikamwomba hati yake ya kuachishwa jeshi. Huku wanaiita DD 214, na mstaafu wa jeshi bila hiyo ni kama mtu bila cheti cha kuzaliwa. Nakala yake ilikuwa kwenye Biblia, imekunjwa mara nne, mikunjo imeshatoboka. Jina lipo, tarehe ya kuachishwa Juni 1953 ipo. Kuna sehemu ya nishani, zimetajwa mbili. Chini kuna kisanduku kinachouliza majeraha aliyopata kwa kupigana na adui, mahali na tarehe. Kimejazwa kwa taipureta, herufi kubwa: HAKUNA.

Nilimuuliza nani aliandika uongo huu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi."

Siku ya kuachishwa walipangwa foleni ndefu, karani anauliza bila kuinua macho: umejeruhiwa? Minong'ono ilikuwa imepita kwenye foleni kwamba ukijibu ndiyo unarudishwa kwa madaktari, unakaa wiki mbili zaidi. Yeye tiketi ya treni alikuwa nayo mfukoni. Akajibu hapana. Karani akagonga herufi zake, akasema anayefuata.

Na nishani je? Hospitali ya nyuma ya mapigano alikaa siku chache tu, akarudi mstari wa mbele. Ofisa aliyetakiwa kuandika amri ya nishani ama alihamishwa ama alikufa, Mzee hajui. Haikuja, naye hakuiulizia kwa miaka karibu 70.

Mimi nikajua hii kazi ya wiki mbili. Kuna fomu, Standard Form 180, unajaza, mwenyewe anatia saini, unapeleka kwenye hifadhi kuu ya kumbukumbu za wanajeshi, na hifadhi yenyewe ipo hapahapa St. Louis. Saini ndiyo iliyotusumbua, mkono unatetemeka; tuliharibu fomu tatu.

Jibu lilikuja kwa barua ya heshima. Faili lake halipo, na kama lilikuwapo Julai 12, 1973, basi lilikuwa sehemu iliyoungua zaidi.

Wenyeji wa mji huu wenye umri wanaukumbuka huo moto. Ulianza baada ya saa sita usiku ghorofa ya sita, ya juu kabisa, kwenye jengo la Overland, kitongoji cha mji huu. Jengo refu kama uwanja, limejaa makaratasi, halina mabomba ya kuzimia moto darini. Wazima moto walihangaika siku nne na nusu. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakapotea. Ya jeshi la nchi kavu, ya walioachishwa kuanzia Novemba 1912 hadi Januari 1, 1960, yakaungua asilimia 80. Hakukuwa na nakala, hakukuwa na filamu. Yaliyonusurika moto yakalowa maji, na Julai ya Missouri ilivyo na joto na unyevu, ukungu ukaanza kuota juu ya karatasi. Ikabidi mengine yakaushwe kwenye chumba kikubwa cha kiwanda cha ndege, kilichotengenezwa kwa majaribio ya vyombo vya anga.

Nikiwa masjala tulipigana na mchwa. Nilidhani mchwa ndio mwisho wa ubaya.

Lakini ndani ya bahasha ile kulikuwa na fomu nyingine, ya kulijenga upya faili lililoungua. Inauliza namba yake, aliandikishwa wapi, alikuwa kampuni gani, yaani kikosi kidogo ndani ya rejimenti, na mwezi gani, aliachishwa wapi. Namba akaitaja pale pale, tarakimu nane, herufi mbili mbele, kwa sauti ya gwaride. Mtu huyu asubuhi hakumbuki kama amemeza vidonge! Babu yangu mzaa mama alikuwa vilevile. Alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, alipigana Burma, na alipozeeka hata majina yetu yakaanza kumchanganya, ila namba yake ya Keya aliitaja mpaka anaondoka duniani.

Tulipofika kwenye kampuni, Mzee akasema alikuwa "Baker". Nikaandika kwamba alikuwa mwoka mikate. Kwa nini nisiandike? Kiingereza nilichofundishwa Muheza, baker ni mwoka mikate. Nikamsomea fomu yote kabla ya kutia saini, akanikodolea macho. Kumbe zamani herufi za jeshi zilikuwa Able, Baker, Charlie. Baker ni kampuni B. Tungeipeleka hivyo, leo wangekuwa wanamtafuta jikoni.

Tarehe ya kuumia ndiyo ilikuwa mlima. Faili likiwa limeungua, wanapekua taarifa za kila siku za makampuni, nazo ni nyingi mno, huwezi kuwaambia "mwaka 1952 kulipoanza baridi". Yeye anakumbuka kilima tu, Triangle Hill, na kelele. Hapo nikamuuliza swali la masjala: ulimwandikia nani? Kimya. Kisha akasema, mama. Mama alishafariki, lakini dada mdogo yuko Memphis na hajawahi kutupa kitu. Tukampigia. Alinikubalia haraka kuliko alivyomkubalia kaka yake, akaja na kiboksi cha viatu kwa basi, bibi wa miaka 84, amekipakata njia nzima.

Barua ilikuwa ya penseli. Nawaambia kwa ufupi: mama usiwe na wasiwasi, nimeteleza kwenye matope nikaumia bega, nimelala kitanda chenye shuka. Dada mtu akaisoma kwa sauti, akamgeukia: "Uliteleza?" Mzee akaangalia dirishani. Mama yao alikufa akijua mtoto wake aliteleza.

Basi mara mbili mtu huyu alisema hakuumizwa vitani, mara moja kwa karani na mara moja kwa mama yake, na zote mbili kwa maandishi. Nikaiweka barua pembeni nikachukua bahasha. Masjala walitufundisha tusitupe bahasha kabla ya kusoma muhuri. Juu kushoto, kwa mkono wake: cheo, jina, namba ileile ya tarakimu nane, kampuni B, rejimenti ya 32. Muhuri wa posta ya jeshi: Oktoba 19, 1952. Shambulio la Triangle Hill lilianza Oktoba 14. Siku tano. Nilipiga kofi meza, chai ikamwagika.

Tukaomba watazame taarifa za asubuhi za kampuni B kwa siku hizo. Hizi hazikuwa kwenye mafaili ya watu binafsi. Kila asubuhi, karani wa kampuni alitakiwa kuandika nani kaja, nani kaondoka, nani mgonjwa, nani kafa, mstari mmoja kwa kila mtu, kama daftari la mahudhurio la shule. Waliokuwepo tu hawatajwi. Kwa hiyo askari anaweza kupigana mwaka mzima asionekane humo, na anaonekana siku mambo yalipomharibikia.

Miezi ikapita. Nakala ilipokuja, ilikuwa na weusi wa filamu ya zamani, majina yamejibana. Oktoba 16. Jina lake la saba kutoka juu, namba, kisha vifupisho ambavyo ilibidi nivisome mara tatu: kutoka kazini kwenda hospitali, LWA. Herufi tatu hizo maana yake kajeruhiwa kidogo na adui. Nilihesabu wenye alama hiyo au mbaya zaidi yake ukurasa ule, nikaacha kuhesabu. Sikumsomea majina yale, ila aliichukua karatasi mwenyewe na kioo chake cha kukuzia, akakaa nayo mchana kutwa. Mara moja alitaja jina, si langu wala la dada yake, akaendelea.

Huyo karani wa kampuni ndiye ninayemuwaza. Kapigwa na baridi, watu wake wamepungua, taipureta iko kwenye sanduku la risasi au popote pale, na bado kaandika tarakimu zote nane za Mzee bila kukosea hata moja. Tungekuwa naye masjala kwetu!

Mengine yalienda kwa kawaida yake. Tulipeleka barua, bahasha, taarifa ya asubuhi, na picha ya eksrei inayoonyesha vipande vya chuma vilivyobaki kwenye bega. Maombi ya namna hii kwa jeshi la nchi kavu yanaamuliwa na kitengo cha tuzo, Fort Knox, Kentucky. Wakikataa, kuna bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, na fomu yake ni DD 149. Sheria inataka uiombe ndani ya miaka mitatu tangu ugundue kosa, lakini bodi inaweza kulegeza kwa ajili ya haki. Niliijaza mapema nikaiweka kwenye droo. Haikuhitajika.

Yeyote anayewatunza wazee wa Korea, kagueni na jambo hili: serikali ya Korea Kusini ilitaka kuwapa nishani yake ya vita tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Marekani ikakubali watu wake waivae mwaka 1999. Kwa hiyo hati iliyopigwa chapa 1953 haiwezi kuwa nayo, hata karani awe malaika. Ya Mzee nayo iliongezwa.

Nilitarajia hati mpya. Hawatoi. Ile ya zamani hawaifuti, wanakupa karatasi ya pili, DD 215, inayosema kwenye kisanduku fulani ondoa hiki, weka hiki. HAKUNA bado ipo pale ilipogongwa. Mwanzoni nilikasirika. Mzee alifurahi: "Acha ikae. Nilisema mwenyewe." Karatasi zote mbili akazirudisha kwenye Biblia. Nishani yenyewe, yenye utepe wa zambarau, aliitazama kidogo akamvisha dada yake, naye akaenda nayo Memphis.

Jioni ile nikampigia mjomba Muheza. Nishani ya Babu iko kwenye kopo la maziwa, na hati zake zote zilishaliwa zamani. Nikamwomba aichukue aizungushe ukingoni polepole, maana nishani nyingine zimechongwa jina la askari na namba yake pale pembeni. Nilimsikia akiita mtoto amletee tochi. Akakaa muda mrefu, anapumua kwenye simu.

"Upande huu mfalme," akasema. "Huku simba kakanyaga joka. Pembeni pasafi, mwanangu. Unataka nisugue?"