Kifurushi cha Barabara ya Kasumbalesa

Kwa nauli niliyotozwa kutoka Tunduma hadi Lubumbashi ningekwenda Dar es Salaam na kurudi nyumbani Iringa, nikabaki na hela ya kula njiani. Na hapo sijataja viza, ambayo hadi leo nikiikumbuka napandwa na hasira. Nilikubali kulipa kwa sababu ya shauku niliyokuwa nayo tangu ujanani juu ya vitu vinavyoogopwa: almasi zinazosemwa kuua wanaozivaa, vinyago visivyoguswa kwa mkono mtupu, mafuvu yaliyopelekwa ng'ambo, vyungu vinavyoachwa njia panda. Katanga, eneo la Kongo ulipo mji wa Lubumbashi, ni nchi ya Waluba, na kaskazini yao wako Wasongye, ambao mafundi wao walichonga sanamu zisizokusudiwa kuwa pambo hata siku moja. Nilitaka kuziona karibu na kwao.

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946, yalinichukua asubuhi moja tu. Mji wenyewe nitausema kwa ufupi. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ni vizuri na bei yake ni ya haki. Nyumba ya wageni iliniletea maji ya ndoo kwa bei ya hoteli. Na kitu pekee nilichokiona kikiogopwa na kila mtu, mchana kweupe, kilikuwa noti yangu ya dola 20 yenye mpasuko usiozidi punje ya mchele. Muuza duka, mwenye teksi na mama wa kubadilisha fedha barabarani, wote waliirudisha kwa ncha za vidole bila kueleza neno.

Yaliyonifanya niandike yalitokea wakati wa kurudi, ndani ya basi dogo la kwenda mpakani Kasumbalesa, safari ya kilomita zipatazo 90 ambayo ingepaswa kwisha kabla ya chakula cha mchana. Kijana mmoja aliyevaa koti la suti alipanda na kifurushi kirefu kilichofungwa kwa karatasi za kaki na mfuko wa sandarusi, kikiwa na kitanzi cha kamba cha kukishikia. Kondakta alitaka kukiweka juu ya basi pamoja na mizigo mingine. Kijana akakataa, akisema kwamba kitu hicho hakisafiri na magunia, kwa hiyo akatozwa nauli ya mtu mzima kwa ajili yake, akalipa bila kubisha. Hapo watu wakaanza kugeuka. Waliokuwa katika kiti kile walihama mmoja mmoja, na mimi niliyechelewa kupanda nikasukumwa pale, magoti yangu yakibanwa na kifurushi, ingawa nauli yangu ilikuwa ileile ya waliokaa kwa raha.

Aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilifika viti vitatu mbele, kwamba ndani mlikuwa na sanamu ya Kisongye ya kijiji kizima, ya enzi za babu wa babu yake, na kwamba anayeigusa kwa mkono huvimba. Jambo hilo la kutogusa hakulizua yeye. Sanamu kubwa za Wasongye zilizolinda kijiji kizima zilibebwa kwa vijiti vilivyofungwa mikononi mwake, kwa sababu mkono wa mtu haukuruhusiwa kukutana na mti ule. Kijana alikuwa ameisikia habari hiyo mahali fulani, na kitanzi chake cha kamba kilikuwa kimefungwa ili kila abiria akione.

Tulikuwa tumeshapita kituo cha kulipia barabara wakati mvuke ulipoanza kutoka mbele. Dereva alisimamisha basi, akafungua boneti, nami nikashuka kutazama. Hosi ya rejeta ilikuwa imepasuka urefu wa kidole, pembeni kabisa ya kiraka cha mpira wa baiskeli ambacho, kwa jinsi kilivyokuwa kimeota vumbi na grisi, kilifungwa pale zamani sana. Niliwaonyesha abiria wenzangu kiraka hicho. Waliangalia kwa adabu, kisha wakarudi kuangalia dirisha la kiti changu.

Mama mmoja aliyevaa sare ya kanisa ndiye aliyesema kwanza. "Papa shofere, tosha ile kintu humu ndani. Bila hivyo hatutafika." Vijana wawili wa nyuma wakaunga mkono, mmoja akipendekeza petroli na kiberiti. Mama yule akakumbusha kwamba Papa Simon Kimbangu, mhubiri wa Kikongo, alishawaambia watu wazitupe fetishi zao, yaani sanamu za uganga, na katika hilo alikuwa sahihi: mwaka 1921, kule Nkamba, mahubiri ya Kimbangu yaliwafanya watu wengi waachane na sanamu zao. Nilitaka kumwongezea kwamba Wabelgiji walimfunga mtu huyo miaka 30, na kwamba alifia kifungoni Oktoba 1951 katika mji huohuo tuliotoka asubuhi, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, bila fetishi yoyote kuisaidia serikali wala kumdhuru yeye. Hata hivyo, jua lilikuwa kali na mama alikuwa na wafuasi.

Aliyetuokoa ni mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, ambaye tangu Lubumbashi alikuwa amelala. Alijitambulisha kuwa mtu wa Mpala, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. "Mwanangu," alimwambia kijana, "fungua tuone. Ukikataa hawa watachoma, na mimi sitawazuia." Kijana aliangalia petroli, akaangalia mzee, akakata kamba.

Nimeona picha nyingi za sanamu hizo, na hii ilikuwa imechongwa na mtu aliyeziona picha hizohizo. Ilikuwa na urefu wa mkono, mdomo uliotokeza mbele wenye umbo la nane lililolala, mikono miwili juu ya tumbo, na vipande vya shaba vilivyopigiliwa usoni kwa misumari ambayo vichwa vyake bado viling'aa. Juu ya kichwa palikuwa na tundu la kuchomekea pembe, lakini pembe haikuwapo. Tumboni, badala ya kitovu, palikuwa na shimo la duara. Harufu yake ilikuwa ya moshi na mafuta ya taa.

Mzee aliinyakua kwa shingo. Mama wa kanisa alitoa sauti, kijana akatoa sauti kubwa zaidi. Mzee akaingiza kidole cha shahada ndani ya shimo, akakizungusha, akakitoa kikiwa kikavu. "Hakuna kintu mu tumbo," alitangaza. Kisha alieleza, kwa utulivu wa mtu anayeeleza mapishi, kwamba mchongaji kazi yake huishia kwenye mti. Anayeipa sanamu kazi ni mganga, kwa kuijaza bishimba, yaani vile vitu vya nguvu vya miti, udongo na wanyama vinavyotiwa tumboni na ndani ya pembe. Na bishimba ikitolewa, kilichobaki unaweza kupikia. Hayo ndiyo hasa wanayoyasema wataalamu wa sanaa ya Waluba na Wasongye, ila wao huchukua kurasa mia. Mwishowe alisugua shavu la sanamu kwa dole gumba na kutuonyesha weusi uliobaki kwenye ngozi. Ilikuwa dawa ya viatu.

Abiria walicheka kwa nguvu sana, jambo lililonionyesha walivyokuwa wameogopa. Kijana peke yake hakucheka. "Papa, umeniharibishia," alisema, karibu kulia, kwa kuwa mteja wake wa Ndola, Zambia, hakuwa akinunua mti; alikuwa akinunua uvimbe.

Tukiwa tumekaa chini ya mti kumngoja msaidizi wa dereva aliyekwenda kutafuta hosi kwa pikipiki, nilimfikiria kijana yule bila hasira, maana wakubwa zake katika biashara hiyo wanaheshimiwa. Almasi ya buluu iitwayo Hope, yenye karati 45.52, inatajwa kila mahali kwa laana yake, lakini aliyeikuza laana hiyo kwa bidii kubwa ni sonara Pierre Cartier, aliyemsimulia Evalyn Walsh McLean, tajiri wa Marekani, vifo na misiba ya waliowahi kuimiliki, kwa sababu alijua kwamba mama yule alipenda vitu vya bahati mbaya. Akaununua mkosi huo mwaka 1911. Mtoto wake wa kiume aligongwa na gari akafa mwaka 1919, mumewe akafia hospitali ya wagonjwa wa akili, na hadithi ikawa haina tena haja ya muuzaji. Mwaka 1958 sonara mwingine, Harry Winston, aliitoa zawadi kwa makumbusho ya Smithsonian na kuituma kwa posta ya kawaida iliyosajiliwa, ndani ya karatasi ya kaki kama ya kijana wetu, kwa dola 145.29, nyingi zikiwa za bima. Mimi kwa begi moja la nguo na magoti yaliyobanwa nilikuwa nimeshatumia zaidi ya hapo. Tena mtu akitaka kujua laana hizi zinavyohesabu, amwangalie Howard Carter, mchimbaji wa mambo ya kale: mfadhili wake Lord Carnarvon alikufa miezi michache baada ya kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri, kupatikana mwaka 1922, kwa jeraha la kuumwa na mbu lililooza, na dunia nzima ikapiga kelele, ilhali Carter mwenyewe, aliyelivunja kaburi kwa mikono yake, aliishi hadi 1939.

Mzee wa Mpala hakuzijua almasi hizo wala hakuzitamani. Aliniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nikamwambia Iringa, akauliza kama sisi hatuna vyetu. Kabla sijajibu alinisimulia habari za Lusinga, mtemi wa Watabwa, ambaye Desemba 1884 luteni wa Kibelgiji Émile Storms, aliyekuwa na ngome yake hapo Mpala, alituma rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, wakamuua na kumletea kichwa. Fuvu lilikwenda Ubelgiji. Sanamu ya wazee wa Lusinga ilikwenda pia, ikakaa nyumbani kwa Storms, kisha ikaingia katika makumbusho ya Tervuren, ambako wageni hulipa kiingilio kuiangalia. "Ile haina dawa ya viatu," mzee alisema. Nilimuuliza kama inaogopwa. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kama baba yake anaogopwa, akasema kwamba inadaiwa.

Basi nikampa yetu. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai, nao wakachukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Kilirudi mwaka 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda Bremen na kulichagua fuvu kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake. Lipo Kalenga, ndani ya kioo, mwendo mfupi kutoka kwetu. Shuleni tulipelekwa kuliona, na aliyenong'ona mle ndani alichapwa. Sikumbuki mtu yeyote akituambia kwamba linaua. Watu wazima walibishana tu kama ndilo lenyewe, na wanabishana hadi sasa, kwa sababu jino la Lumumba angalau lilikuwa na njia inayofuatika: polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuiyeyusha miili baada ya mauaji ya Januari 1961, huku huku Katanga, alilitunza mwenyewe na kujisifia, na mwishowe likarudishwa kwa familia Juni 2022. Mzee aliposikia jino likitajwa alivua kofia, akaivaa tena, na hatukuendelea.

Hosi ilifika alasiri, nayo ilikuwa kuukuu. Dereva alitangaza kwamba abiria wote wachangie, jambo ambalo sijawahi kuliona hata kwenye mabasi yetu ya Makete, na kwamba mwenye sanamu atoe mara mbili kwa sababu ndiye aliyeleta matatizo. Mzee akauliza: kama ni mti mtupu, ameleta matatizo gani? Dereva akajibu kwamba yeye hakuwapo mti ulipochunguzwa. Kijana alilipa mara mbili.

Kasumbalesa, afisa wa forodha alikibonyeza kifurushi, akauliza ni nini. Abiria watatu wakajibu kwa pamoja kabla ya mwenyewe, mama wa kanisa akiwa wa kwanza: "Ni mbao tu, yenye dawa ya viatu." Afisa, ambaye pengine siku nyingine angeambiwa habari za uvimbe akaondoa mkono haraka, alikifungua chote juu ya meza. Kama ni ya kale, alisema, alete kibali. Kama ni mpya, alipe ushuru wa kazi za sanaa na aandikiwe risiti kwamba ni mpya. Kijana aliomba apewe risiti isiyotaja umri. Afisa akataja bei ya risiti ya namna hiyo. Niliwaacha wakipatana, nikavuka upande wa Zambia, ambako basi la Tunduma lilikuwa limeshaondoka na karani wa kampuni alinieleza, akiwa amesimama mbele ya bango lililoandikwa kinyume chake, kwamba tiketi ya jana hailipiwi nusu wala robo, inanunuliwa upya.