Jiwe la katikati ya Mto Dove

Teksi kutoka mji wa Ashbourne ilinila pauni 18 kwa mwendo usiofika hata robo saa, kwa kuwa basi la kwenda Dovedale lilishaniacha. Nilishuka nimenuna. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, maegesho yote matope, na foleni ya chooni ilikuwa ndefu.

Dovedale ni korongo la mawe ya chokaa katikati ya Uingereza, lenye msitu pande zote mbili. Mto Dove unapita chini yake, ng'ambo moja kaunti ya Derbyshire, ng'ambo ya pili kaunti ya Staffordshire. Njia inafuata maji kilomita kama 5 hadi kijiji cha Milldale, na karibu yote ni tambarare. Ndiyo maana niliichagua, goti langu la kushoto halitaki tena milima.

Ila kabla hujafika mbali unakutana na mawe ya kuvukia, chini ya kilima cha Thorpe Cloud. Yamepangwa kwa mstari kukatiza mto, moja baada ya jingine, na watu wanayarukaruka kama hawaoni kilicho chini. Mimi sijui kuogelea. Maji siku hiyo yalikuwa ya rangi ya udongo, yakipita kwa kasi katikati ya mawe, na mengine yalikuwa yamelowa hadi juu. Nikajipa moyo, nikaanza. Nilipofika katikati, familia nzima ikaingia kutoka ng'ambo ya pili, mbele yao mbwa mkubwa aliyelowa chepechepe. Nyuma yangu walishaingia wengine. Miguu ikagoma. Nilisikia mto kifuani, nikawaza simu, pasipoti, mama.

"Chuchumaa, mwanangu," ikasema sauti nyuma yangu. "Waache wapite."

Alikuwa bibi mwenye nywele nyeupe na fimbo mbili za kutembelea. Nilichuchumaa, nikashika jiwe kwa mikono yote miwili. Mbwa akanipita akinipiga mkia usoni, baba akaomba radhi, watoto wakapita mmoja mmoja. Nami, kwa kuogopa kutazama maji, nikawa natazama jiwe.

Lilikuwa limejaa shanga. Vipande vidogo vya mviringo, vingine vidogo kuliko punje ya mtama, kila kimoja na kitundu katikati, vimeganda ndani ya jiwe kama kokoto kwenye zege. Vingine vilikuwa vimeshikana bado, mithili ya kijiti chenye pingili. Nilipitisha kidole, vikakwaruza.

"Umeviona?" bibi akauliza. Akanieleza, tukiwa bado katikati ya mto, kwamba hivyo ni visukuku, mabaki ya viumbe vya baharini, jamaa ya kiti cha pweza, vilivyokuwa vikisimama sakafuni kwa bahari juu ya mashina kama maua. Shanga zile ni mashina yao yaliyokatika. Zaidi ya miaka milioni 330 iliyopita hapo palikuwa na bahari ya joto, yenye kina kifupi, na nchi yote hii ilikuwa karibu na ikweta. Ardhi ilisogea kaskazini polepole, ikaja na mawe yake.

Karibu na ikweta! Nilitaka kumkumbatia. Nyumba ya babu yangu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na lipu ilipobanduka tulikuwa tunachokoa kome ukutani kwa msumari mpaka bibi yetu atutoe mbio. Chokaa yenyewe ilichomwa kwa matumbawe hayo hayo. Nimekulia ndani ya sakafu ya bahari, nikasafiri hadi kwenye baridi hii, na jiwe lililonishikilia mto usinichukue likawa ndugu wa ukuta ule.

Tulivuka. Bibi alishika njia ya kupanda kilima, sikumwona tena.

Safari iliyobaki ilikwenda haraka. Magogo kando ya njia yamepigiliwa sarafu mamia kwa mamia, kiasi kwamba gamba halionekani. Miti mingi huko ni ya aina iitwayo ash, na inakufa kwa ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Uingereza mwaka 2012. Kuna sehemu imekatwa hadi genge limebaki uchi, na iliniuma kuona vile. Mnara wa jiwe uitwao Ilam Rock ukapita, mapango ya Dove Holes yakapita. Milldale chai ilikuwa pauni 3, kikombe cha karatasi, na benchi limelowa.

Kurudi, mawe yalikuwa matupu. Nilivuka hadi lile la katikati, nikachuchumaa tena, nikalimwagia maji kwa kiganja. Shanga zikajitokeza vizuri zaidi, nikapiga picha, nikamtumia mama bila maelezo yoyote.

Jibu lilinikuta ndani ya teksi: "Umepiga picha ukuta wa nani?"