Mnaujua mtaa wa Tøyengata?

Wabongo wa Oslo mtaa wa Tøyengata mnaujua, ndo kule tunakofata bamia na nyama ya mbuzi. Sasa kuna mwenzangu kazini, Mnorwe, mpole hatari, wazee tunaowahudumia wanampenda kuliko sisi wote, kumbe nje ya kazi ni mtu wa blaki meto, ule muziki wa magitaa makali na mambo ya shetani, makoti ya ngozi na michuma. Ye ndo kanambia kwenye mtaa huohuo, tarehe 10 Agosti 1993, aliuliwa Euronymous, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem ya muziki huo. Jina lake halisi Øystein Aarseth, miaka 25 tu, na aliyemchoma visu ni mwanamuziki mwenzake, Varg Vikernes wa kundi la Burzum, katoka Bergen na gari usiku mpaka Oslo.

Huyu Euronymous alikuwa na duka la rekodi pale Schweigaards gate, linaitwa Helvete, yaani Jehanamu, vijana wanajazana humo na yeye ndo mkuu wa kijiwe. Mara makanisa yakaanza kuchomwa moto, lile la mbao la Fantoft, la karne ya 12, likateketea Juni 1992. Mi naona jamaa alikuwa anauza vitisho kama wengine wanavyouza vitumbua, shida baadhi ya wateja wakaamini kweli.

Ila kuna jambo simwelewi kabisa. Mwimbaji wa Mayhem, Mswidi, alijiua Aprili 1991, Euronymous ndo kamkuta, na kabla ya kuita polisi akaenda kununua kamera akampiga picha maiti. Jamani! Kwetu hata usiyemjua ukimkuta kafa barabarani unatafuta khanga umfunike. Mwenzangu ananambia eti ulikuwa ujana. Ujana tumepita wote bwana, mbona hatukufika huko?

Varg alipigwa miaka 21 jela, katoka 2009, akahamia Ufaransa na huko 2014 mahakama ikamtia hatiani kwa kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi na Waislamu.

Albamu kubwa ya Mayhem, De Mysteriis Dom Sathanas, ilitoka 1994, gitaa la marehemu, besi ya muuaji. Wazazi wa marehemu waliomba ile besi ifutwe, mpiga dramu akakubali, halafu akaiacha vilevile kwa sababu besi yenyewe hajui kupiga. Mpaka leo inasifiwa, watu wanatoka mbali kuja tamasha la muziki huo, Inferno, hapa Oslo kila Pasaka, na mwenzangu keshaniomba nimshikie zamu.